Njia ya Mtandao Haikupatikana: Historia Iliyo Nyuma ya Kosa Moja la Seva ya Faili

Hebu fikiria Jumatatu asubuhi. Umefika maabara, umewasha kompyuta, umebofya folda ya pamoja ambayo umekuwa ukiifungua kila siku kwa miaka 2. Badala ya faili zako unaletewa kisanduku kidogo chenye ujumbe kwamba njia ya mtandao haikupatikana. Unaangalia kebo, iko sawa. Taa za swichi zinawaka. Mwenzako wa meza ya pili anafungua folda hiyo hiyo bila shida yoyote. Sasa kosa liko wapi?

Mimi jambo hili lilinikuta hivi. Maabara yetu ina mashine ya kupimia jinsi sampuli zinavyofyonza mwanga. Mashine ni nzima kabisa, ila programu inayoiendesha inakubali Windows XP tu, mfumo wa mwaka 2001. Mtengenezaji hakutoa toleo jipya, na bajeti ya kununua mashine nyingine haipo. Kwa hiyo XP imebaki pale pembeni, na kila kipimo hupelekwa kwenye seva ya faili inayotumiwa na watu wote. Wikiendi moja seva ikawekewa toleo jipya la programu zake. Jumatatu ile kompyuta ya XP ikawa kama imekatwa na dunia. Mwenzangu mmoja alikuwa na sampuli ambazo zikipita siku mbili zinaharibika, diski ya XP ilikuwa imejaa, na flashi tulishakatazwa kuchomeka pale kwa sababu ya virusi.

Kwa kuwa mimi ndiye ninayeitwa mambo ya kompyuta yakigoma, nilihangaika kama saa tatu. Mwisho nikagundua kwamba mstari mmoja tu kwenye faili la mipangilio ya seva ungerudisha hali ya zamani. Nikauandika. Folda ikafunguka hapo hapo, mwenzangu akaendelea na vipimo vyake, mimi nikaonekana fundi. Usiku ndipo nilipoanza kusoma kwa nini wale walioandika programu ya seva waliuondoa uwezo ule. Sikulala vizuri. Nataka nikueleze nilichokisoma, kwa sababu huwezi kutibu makosa ya aina hii vizuri kama hujui yalikotoka.

Kwanza salamu, kisha faili

Kompyuta yako inapoomba faili kwenye seva, haianzi na faili. Inaanza na lugha. Lugha inayotumika sana kwenye ofisi na maabara ni itifaki iitwayo SMB, yaani kanuni za jinsi ya kuomba folda, kufungua faili, kusoma, kuandika na kufunga. Katika ujumbe wa kwanza kabisa, kompyuta inayoomba hutuma orodha: "mimi naongea hii, hii na hii." Seva huangalia orodha, huchagua toleo la juu kabisa ambalo nayo inalijua, na mazungumzo huendelea kwa toleo hilo.

Wahandisi wenyewe huyaita matoleo hayo lahaja. Na sisi Waswahili neno hilo halitupi taabu. Mzee wa Makunduchi akikutana na kijana wa Nairobi, wote wanaongea Kiswahili, lakini dakika ya kwanza kila mmoja anampima mwenzake ajue atumie Kiswahili kipi. Kwa watu, hata mkikosana kidogo mtaelewana. Kompyuta hazina huruma hiyo. Kama kwenye orodha hakuna lahaja hata moja ya pamoja, seva haijaribu kubahatisha, na simu inakatwa. Kompyuta iliyokatiwa hujikuta haina la kusema zaidi ya kwamba njia haikupatikana.

Ndiyo maana ujumbe ule unapotosha. Njia ipo, ila walioko kwenye ncha zake mbili hawana lugha ya pamoja.

Mtu mmoja wa IBM, 1983

SMB ilianzia IBM mwaka 1983, kwa mhandisi aitwaye Barry Feigenbaum. Mwanzoni aliipa jina la BAF, herufi za kwanza za majina yake, na kabla haijatoka rasmi ikabadilishwa kuwa SMB. Kazi yake ilikuwa nyepesi kuieleza: programu za DOS zilizozoea kusoma faili kwenye diski ya ndani zidanganywe kidogo, ziamini zinasoma diski ya ndani, kumbe ombi limesafiri kwenye waya hadi kompyuta nyingine.

Angalia mazingira ya wakati ule. Mtandao ulikuwa chumba kimoja au jengo moja. Aliyeko kwenye waya ulikuwa unamfahamu kwa jina. Hakuna aliyewaza kwamba siku moja mtu wa bara lingine angeweza kugonga mlango wa seva yako usiku wa manane. Dhana hiyo ya kuaminiana iliingia kwenye msingi wa itifaki, na ilikaa humo muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia.

Microsoft waliichukua SMB, wakaipanua kwa ajili ya bidhaa yao ya LAN Manager na baadaye Windows. Kampuni nyingine, kama Digital, nazo zikatengeneza za kwao zenye asili hiyo hiyo. Kila mmoja akiongeza lake, lahaja zikazaliana. Hata leo, ukinasa pakiti za kompyuta ya zamani inayosalimia, utaona orodha ya majina kama PC NETWORK PROGRAM 1.0, LANMAN1.0 na NT LM 0.12. Orodha hiyo ni kama matabaka ya udongo, kila jina lina enzi yake.

Mwanafunzi aliyesikiliza waya

Sasa njoo Canberra, Australia, Desemba 1991. Andrew Tridgell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia. Alikuwa na kompyuta ya DOS mezani, na faili zake zilikuwa kwenye mashine za Sun. Alitaka kujaribu programu moja ya Digital, na programu hiyo ilidai atumie mtandao wa Digital uitwao Pathworks. Tatizo ni kwamba Pathworks iliweza kuongea na seva za Digital tu. Akitumia programu mpya anapoteza faili zake, akitaka faili zake anaacha programu. Kosa la kutopatana, lile lile letu, miaka zaidi ya 30 iliyopita.

Hakuwa na maelezo ya itifaki ile, na kwa maneno yake mwenyewe hakuwahi kuandika programu ya mtandao. Alichokuwa nacho ni seva moja ya Digital aliyoisimamia. Basi akasikiliza. Alitazama pakiti zinazopita kati ya kompyuta na seva: ikiombwa hiki, inajibiwa hivi. Kisha akaandika programu inayojibu vivyo hivyo, akaiweka kwenye mashine ya Sun. Januari 1992 akaitoa bure kwa yeyote anayeitaka.

Baadaye Tridgell aliieleza mbinu hii kwa mfano wa mtu anayejifunza Kifaransa kwa kukaa mgahawani. Humjui mtu, huna kamusi. Unasikiliza tu mteja akisema neno fulani, mhudumu analeta mkate. Siku ya pili unalisema wewe, unaona kama utaletewa mkate. Ukifanya hivyo kwa subira, unapata lugha bila kuiba kitabu cha mtu.

Takriban miaka 2 baadaye alitaka kuunganisha kompyuta ya Windows ya mkewe na mashine yake ya Linux nyumbani. Akajaribu ile seva yake ya zamani, na ikafanya kazi. Kumbe alichokisikiliza kwenye Pathworks kilikuwa lahaja ya ukoo wa SMB, ukoo ule ule wa Microsoft. Programu ikaitwa smbserver, hadi kampuni moja ilipomwambia kwamba jina hilo ni alama yake ya biashara. Tridgell akaiambia kompyuta itafute kwenye orodha ya maneno neno linaloanza na S, lenye M na B ndani yake kwa mpangilio huo. Miongoni mwa machache yaliyopatikana lilikuwamo "samba". Leo seva nyingi za faili zinazotumia Linux, pamoja na visanduku vingi vya diski za mtandao vinavyouzwa madukani, ndani yake kuna Samba.

Kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu yanaeleza tabia ya makosa utakayokutana nayo. Kwa miaka mingi Samba iliandikwa na watu wasiopewa maelezo rasmi. Microsoft wakibadilisha kitu kidogo kwenye Windows mpya, upande wa pili walilazimika kurudi mgahawani kusikiliza tena. Vista ilipotoka, kwa mfano, ilikataa kutuma nywila kwa mtindo wa zamani uliokuwa dhaifu. Watu wakawa wanaandika nywila sahihi kabisa kwenye vifaa vyao vya kuhifadhia faili na wanaambiwa siyo. Wakabadilisha nywila mara kumi, bila mafanikio. Nywila haikuwa na kosa lolote, ni kwamba kifaa hakikujua namna mpya ya kuithibitisha.

Kesi iliyofika mahakamani

Jambo hili lilitoka maabara likafika kwa wanasheria. Mwaka 1998 kampuni ya Sun ililalamika kwa Tume ya Ulaya kwamba Microsoft inaficha maelezo ambayo seva za wengine zinayahitaji ili ziongee na Windows. Machi 2004 Tume iliamua dhidi ya Microsoft na kuitoza faini ya euro milioni 497. Microsoft wakakata rufaa, na Septemba 2007 mahakama ikaunga mkono uamuzi kuhusu maelezo hayo. Desemba mwaka huo huo, kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000, waandishi wa Samba walipata nyaraka ambazo kwa miaka 15 walikuwa wakizikisia kwa kusikiliza.

Matunda yake yalionekana Desemba 2012, Samba 4.0 ilipotoka ikiwa na uwezo wa kusimamia akaunti za watumiaji wa Windows kama seva ya Microsoft yenyewe. Ukiona leo kompyuta ya Windows na seva ya Linux zinapatana bila kelele, ujue kuna watu waliokwenda mahakamani kwa ajili ya hilo.

Lahaja ya kwanza inazikwa

Mwaka 2006, pamoja na Vista, Microsoft walitoa SMB ya pili. Hawakuongeza juu ya ile ya zamani, waliiandika upya. Amri zaidi ya 100 zikapunguzwa hadi 19. SMB ya tatu ikafuata mwaka 2012, ikiwa na uwezo wa kusimba data njiani ili anayechungulia asisome kitu. Lakini ile ya kwanza haikuondolewa. Iliachwa ikiwa wazi ndani ya kila Windows, kwa ajili ya printa za zamani, skana za zamani, na mashine kama ile ya maabara yetu. Nia ilikuwa njema, yaani usimvunjie mtu kazi yake.

Gharama ilijulikana mwaka 2017. Machi 14 Microsoft walitoa marekebisho ya mapengo makubwa katika SMB ya kwanza. Mwezi uliofuata kundi lijiitalo Shadow Brokers likaanika hadharani zana iitwayo EternalBlue, ambayo ilitumia pengo hilo hilo. Mei 12 programu haribifu ya WannaCry ikaanza kusambaa. Haikuhitaji mtu abofye kiungo chochote. Kompyuta moja ikishaambukizwa, inagonga mlango namba 445 wa jirani, ikikuta SMB ya kwanza isiyorekebishwa inaingia, inafunga faili zote na kudai fidia. Ndani ya siku chache zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi takriban 150 zilikuwa zimeathirika. Hospitali za huduma ya afya ya taifa ya Uingereza ziliahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa.

Tusije tukadhani Samba ilikuwa salama. Mei 24, chini ya wiki mbili baadaye, waandishi wake walitangaza pengo lao wenyewe, lililokuwamo tangu toleo la 3.5.0 la mwaka 2010.

Baada ya hapo uvumilivu uliisha. Kuanzia Oktoba 2017 matoleo mapya ya Windows 10 yalianza kuja bila SMB ya kwanza. Samba nao, katika toleo la 4.11 la Septemba 2019, waliizima isipokuwa msimamizi aiwashe kwa mkono. Na Windows XP, kama ulivyokwisha kukisia, inajua lahaja hiyo ya kwanza tu. Seva yetu iliporuka toleo, XP yetu ikabaki bila mtu wa kuongea naye. Na mstari nilioandika mimi Jumatatu ile ulikuwa unarudisha lahaja ile ile ambayo WannaCry ilipitia kwenye Windows, kwenye seva yenye tasnifu za watu wote wa idara.

Ukikutwa na kosa hili, uliza kwa mpangilio

Historia hii inakupa namna ya kutafuta kosa bila kupapasa. Fuata mazungumzo yenyewe, kuanzia salamu.

Kwanza, je, seva inaonekana? Usiandike jina, andika anwani yake ya namba. Anwani ikikubali na jina likakataa, tatizo ni la majina. Jua pia kwamba ile orodha ya kompyuta jirani iliyokuwa ikijitokeza yenyewe kwenye Windows ilitegemea SMB ya kwanza. Ikizimwa, orodha inakuwa tupu hata kama seva ni nzima. Wengi hudhani seva imekufa, kumbe imetoka kwenye orodha tu.

Pili, je, mlango namba 445 uko wazi? Ukuta wa moto wa kompyuta au wa mtandao unaweza kuuziba.

Tatu, lahaja. Kwenye Windows, andika `Get-SmbConnection` katika PowerShell utaona kila muunganisho unaongea toleo gani. Kwenye seva ya Samba, `smbstatus` itakuonyesha upande wa pili, na `testparm` itakuambia mipangilio inayotumika. Angalia hasa `server min protocol`, ndiyo inayosema lahaja ya chini kabisa inayoruhusiwa.

Nne, utambulisho. Salamu ikipita lakini nywila sahihi ikakataliwa, kumbuka kisa cha Vista. Folda zilizo wazi kwa mgeni yeyote nazo zinazidi kukataliwa na Windows mpya. Na tangu toleo la 24H2 la Windows 11, kompyuta nyingi hudai kila ujumbe uwe na saini, jambo linaloweza kuvishinda vifaa vya zamani.

Tano, majina ya faili. Hapa kosa hujificha vizuri zaidi. Linux inaona `Data.txt` na `data.txt` kuwa faili mbili, Windows inaona moja. Linux inaruhusu nukta pacha kwenye jina, Windows hairuhusu. Mtu aliyeipa faili jina la saa, mfano `kipimo_10:30.csv`, anashangaa kuikuta kwenye Windows ina jina la ajabu lililofupishwa. Hiyo ni Samba inajaribu kukusaidia kwa kutafsiri jina lisilotafsirika.

Ukifika hatua ya tatu na kukuta kifaa chako kinajua lahaja ya kwanza tu, mtu atakushauri uiwashe. Ushauri huo uko kila mahali, na unafanya kazi, ndiyo hatari yake.

Tulichofanya sisi

Jumanne asubuhi niliufuta mstari wangu, na nikawaambia wenzangu nilichokuwa nimekifanya. Haikuwa rahisi kusema. Kisha tukachukua kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo, tukaiwekea Linux na kadi mbili za mtandao. Kadi moja inaelekea XP peke yake, kwa kebo ya moja kwa moja, na huko inaruhusiwa kuongea lahaja ya zamani. Kadi ya pili inaelekea seva, na huko SMB haitumiki kabisa, kila baada ya dakika 10 faili mpya zinanakiliwa kwa programu iitwayo rsync. XP haioni mtandao, na mtandao hauioni XP. Ni mkalimani aliyekaa mlangoni.

Mwenzangu alikuwa ameshamaliza sampuli zake usiku ule mlango ulipokuwa wazi, kwa hiyo siwezi kujidai kwamba kufungua hakukumsaidia mtu. Kulimsaidia. Ila tulikuwa tumemlipia kwa kuhatarisha kazi za watu ambao hawakuulizwa.

Hiyo rsync iliyotuokoa, nilipoangalia mwandishi wake nilicheka. Aliianzisha Andrew Tridgell mwaka 1996 akiwa na Paul Mackerras, na ikawa sehemu ya tasnifu yake ya uzamivu. Yule mwanafunzi aliyekwama na faili zake mwaka 1991 ndiye aliyeandika Samba iliyotukatalia, na rsync iliyotuvusha.